Mshale si mapambo: uzoefu wangu na pikipiki yangu, FireBlade ya 1993, na gereji iliyonitia wazimu

“Mshale ule ni mapambo tu.”

Ndivyo alivyonijibu kijana wa kaunta kwa simu. Mimi nimechutama kwenye kituo cha mafuta nje kidogo ya Leicester, Uingereza, mvua inaniingia shingoni, na mbele ya macho yangu liko tairi jipya la mbele ambalo wao wenyewe wamelivalisha kinyumenyume. Mshale uliopigwa ubavuni mwa tairi ulikuwa unaelekea nyuma, na neno la kuonyesha mzunguko limeandikwa pale pale kwa herufi ambazo hata marehemu bibi yangu angezisoma bila miwani. Nilikwenda pale kupima upepo tu. Nisingeinama, ningeendelea kulaumu barabara.

Jina la gereji silitaji. Sitaki barua za mawakili, na isitoshe, mtaona huko mbele, hatujamalizana.

Pikipiki yenyewe ni Honda CBR900RR, FireBlade, ile ya mwanzo kabisa, rangi nyekundu, nyeupe na buluu, taa mbili za mviringo. Namba zake zimejaa kila mahali, anayezitaka atazipata. Mimi nina neno na gurudumu moja, la mbele, lile la inchi 16, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Siku nilipoipeleka kwa mara ya kwanza, kijana aliinua kichwa, akaitazama kupitia dirishani, akarudi kwenye simu yake. “Hiyo ya enzi za babu. Tairi zake hazitengenezwi tena. Uza, ununue kitu cha maana.” Sijamsalimia bado! Mimi nimelelewa Mombasa, mtu akiingia dukani kwako hata kama unamchukia unamkaribisha kwanza, halafu ndiyo unamwibia. Nikameza mate. Nikamwambia bwana mdogo, saizi yake ni 130/70 ya inchi 16, bado zipo, waulize wanaokuuzia. Akatafuta kwa kidole kimoja, akanuna, akasema eti ipo lakini “si saizi ya kawaida, waliokutengenezea walikosea”. Akashauri ning'oe gurudumu zima niweke la inchi 17 kutoka kwenye pikipiki nyingine.

Walikosea. Kijana ambaye jaketi lake limeandikwa fundi mgongoni anasema Tadao Baba, mhandisi wa Honda aliyeongoza kuitengeneza pikipiki hii, alikosea.

Basi niacheni nieleze, maana yeye hakutaka kusikia na mimi nisipolitoa nitapasuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wajapani walikuwa wanashindana kwa kitu kimoja, nani anakwenda kasi zaidi kwenye mstari ulionyooka. Pikipiki za injini ya lita moja zikanenepa. Ukizinyoosha kwenye barabara kuu zinaruka, ukifika konani ndipo unapojua umekalia nini. Suzuki walikuwa wameshaonyesha njia mwaka 1985 kwa GSX-R750, fremu ya alumini, kilo 176 kavu, bila mafuta wala maji, watu wakashika vichwa. Lakini hata wao baadaye wakaiachia iongeze mwili mwaka hadi mwaka.

Ndani ya Honda alikuwepo Baba, mtu aliyeingia kampuni ile mwaka 1962 akiwa kijana, na ambaye pikipiki zake alikuwa anazipanda mwenyewe kwenye majaribio, na kuanguka nazo pia, kuanguka kwake kuna sifa yake peke yake. Mwaka 1989 timu yake ilikuwa na mpango wa pikipiki ya cc 750. Honda walikuwa na 750 nyingine tayari, ya nini kuongeza? Wakabaki na umbo lile lile dogo, wakarefusha mwendo wa pistoni, ikatoka cc 893. Hesabu ya ajabu. Haikuingia daraja lolote la maana la mashindano, kwa sababu mbio za superbike, zile za pikipiki za aina zinazouzwa madukani, wakati ule ziliwapa injini za silinda nne mwisho cc 750. Na hapo ndipo mimi huwa navua kofia: mtu ametengeneza pikipiki ya kasi isiyo na mashindano ya kushinda, kwa ajili ya barabara tu na yule aliyeikalia.

Ilipotoka mwaka 1992 ilikuwa kilo 185 kavu. Ndugu yake mdogo wa cc 600 alikuwa karibu uzito huo huo. FZR1000 ya Yamaha, iliyokuwa nyepesi kuliko wenzake wa daraja kubwa, ilimzidi kwa zaidi ya kilo 20, na Kawasaki ZZR1100, mfalme wa mwendo wa siku zile, kwa zaidi ya kilo 40. Kilo 40 ni mzigo wa mahindi umeuteremsha kwenye pikipiki kabla hujawasha injini. Na hakukuwa na madini ya kifalme mle ndani wala uchawi. Walikaa wakapunguza kila kitu kidogo kidogo. Shokapu za mbele, wakati fasheni ilikuwa zile zilizogeuzwa juu chini, Baba akaweka za kawaida za milimita 45. Plastiki za mbele kando ya taa zikatobolewa vitundu ili upepo upite badala ya kusukumana na pikipiki inapolazwa upande.

Na gurudumu la mbele likawa inchi 16. Si kosa, kijana. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakipendi kugeuzwa. Punguza uzito wa kile kinachozunguka, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Halafu wakalivalisha tairi lenye ubavu mrefu, ile 70 unayoiona ubavuni, hata kimo chake chote kikakaribia kile cha inchi 17 za wengine. Ukiiona imesimama hutambui. Ukiipanda, kona ya kwanza tu unatambua.

Sasa mtu amekesha juu ya gramu moja moja, halafu mwingine huko Leicester analivalisha tairi lenyewe kinyume na kusema ni mapambo.

Si mapambo. Tairi la mbele kazi yake kubwa ni kuvumilia breki. Ule mpira unaokanyaga lami huungwa, ncha moja ikalalia nyingine, na muungo unalazwa upande ambao breki zitaukandamiza. Ukiligeuza, kila ukishika breki unaufumua. La nyuma kazi yake ni kusukuma, basi huko mambo ni kinyume chake. Na ile mifereji imechorwa kuyatoa maji chini ya tairi. Hapa Uingereza hata mkaguzi wa MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka wa magari na pikipiki, akikuta tairi la pikipiki limekwenda kinyume na mshale anakufelisha papo hapo. Kwa hiyo sheria nayo inapenda mapambo, eh?

Nilikuwa nimeshaihisi kabla ya kuiona. Kwenye mzunguko wa barabara, lami imelowa, mbele kukawa na kitu kama kusitasita, tairi halijui liamue wapi. Nikasema labda ni mpira mpya, una ile nta ya kiwandani, upe muda. Nikaenda mwendo wa harusi hadi kituo cha mafuta. Halafu ndiyo nikachutama, nikaona, nikapiga simu, nikajibiwa nilivyojibiwa.

Nikamuuliza tena, nikidhani nimesikia vibaya kwa ajili ya magari. Akarudia, na safari hii akaongeza “tulia, mzee”. Mimi nina hasira za kwetu, si za kelele, zinashuka tumboni na kukaa. Sikumtukana. Nilimwambia nakuja, na nikakata.

Hapa niseme ukweli kuhusu pikipiki yenyewe, kabla mtu hajanijia na maneno ya ushabiki. Ni mbaya. Ndiyo, ni mbaya. Asubuhi ya baridi unavuta choki kama unakamua ng'ombe mkaidi na kabureta nne hizo zinakuambia ngoja kwanza. Haina geji ya mafuta, ina bomba la kugeuza kwenda akiba, na utaligeuza kwa mkono wa kushoto uko katikati ya malori, unapapasa chini ya tanki na moyo unadunda. Vioo vyake vinakuonyesha viwiko vyako vizuri sana. Viganja vinakufa ganzi. Na lile gurudumu dogo ninalolitetea, likipita juu ya lami iliyovimba ukiwa unavuta mafuta, usukani unatikisa kichwa kushoto kulia, mara moja mbili, na wewe unamkumbuka Mola wako kwa majina yake yote. Si bure watu wengi walizifunga kile kifaa cha kutuliza mtikisiko wa usukani. Mtu anayeniuliza ninunue FireBlade ya kwanza au nisinunue, kwa kawaida namwambia usinunue. Nunua kitu chenye fueli injeksheni ulale usingizi.

Rafiki yangu mmoja, Mzanzibari, ana Yamaha R1 ya mwaka ule wa kwanza, 1998. Huyo hanipi pumzi. Kilo 177, nguvu za farasi 150, kamuua FireBlade wako, kamzika na matanga tumemaliza. Na ni kweli, siwezi kubisha. Yamaha waliitazama kazi ya Baba, wakaelewa swali alilouliza, wakalijibu vizuri kuliko yeye. Honda hawakusimama vizuri mpaka mwaka 2000, walipoleta FireBlade ya cc 929 yenye fueli injeksheni, shokapu za kugeuzwa, na (hapa rafiki yangu hucheka mpaka akohoe) gurudumu la mbele la inchi 17. “Hata mwenyewe Baba amelikimbia gurudumu lako!” Namwambia alilikimbia kwa sababu tairi nzuri zilikuwa zimehamia inchi 17, si kwa sababu lilikuwa baya. Hanisikilizi. Mwaka 2002 ikaja 954, kilo 168 kavu, na kwangu mimi hiyo ndiyo ya mwisho aliyoisema Baba kwa sauti yake. Mwaka 2004 akastaafu, na mwaka huo huo ikatoka CBR1000RR, cc zimeongezeka na kilo zimerudi, karibu 180, kwa sababu sheria za superbike zilikuwa zimefungua mlango wa cc 1000 kwa injini za silinda nne, na sasa kulikuwa na kombe la kutafuta. Wakalipata, mwendeshaji wao James Toseland alilichukua mwaka 2007 akiwa juu ya Honda hiyo. Hongera zao. Mimi yangu haijawahi kutafuta kombe.

Turudi gerejini, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Nilifika nimelowa chapachapa. Kijana yuko kaunta, anakula chipsi. Nikamwambia njoo nje unisomee hili neno. Akasema ana kazi. Nikamwambia ukiendelea na kazi hiyo zitapoa, njoo. Akatoka, akasimama mbali, mikono mfukoni, akasema, “Pikipiki ya zamani hivyo huwezi kuiendesha kasi, kwa hiyo haina tofauti.” Wallahi. Mteja amelipa, tairi limegeuzwa, na sasa kosa ni la umri wa pikipiki. Pale nilikuwa nimeshaamua: nyota sifuri, nawaandika kila mahali, naandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na nitamwomba shemeji aandike kwa Kigujarati maana mji huu Wagujarati ni wengi.

Ndipo alipotoka mzee mmoja wa nyuma, fundi, overoli imekuwa nyeusi magotini, anafuta mikono na kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Hakusema neno. Akapiga goti kwenye maji. Akapitisha kidole juu ya mshale, polepole, mpaka kwenye ncha. Kisha akainua macho akamtazama yule kijana, akamtazama hivyo tu, na kijana akarudi ndani na chipsi zake. Mzee akauliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia. Akaingiza ncha ya kidole chake kidogo kwenye kitundu kimoja cha plastiki ya mbele, akatabasamu kwa upande, akasema alikuwepo dukani siku ilipofika ya kwanza na watu walikuwa wanainyanyua nyuma kwa mikono kuona kama ni kweli.

Aliingia nayo ndani. Kwa kawaida hawaruhusu mteja kuingia karakana, mambo ya bima, yeye akaniachia mlango wazi. Akainyanyua mbele, akashika shokapu mbili chini kabisa akazivuta na kuzisukuma, akatulia, akavuta tena, akaniita nishike. Nikashika. Kulikuwa na mchezo, mdogo sana, kama jino linaloanza kulegea. Beringi za shingo ya usukani zilikuwa hazijakazwa sawa kwa muda mrefu, na mimi miaka yote najiambia ndivyo gurudumu la inchi 16 lilivyo. Akatoa tairi kwenye rimu, akaligeuza, akalipima tena usawa, akakaza beringi kidogo, akazungusha usukani kwa kidole kimoja akisikiliza, akakaza kidogo tena. Boliti za ekseli alizimalizia kwa spana ya kupimia mkazo, huku anahesabu kwa kunong'ona. Sijui alikuwa anahesabu nini.

Nilipotoka pale mvua ilikuwa imekatika. Nikachukua barabara ya Melton Mowbray, si njia yangu ya nyumbani. Jamani. Nimekuwa na pikipiki hii muda mrefu, na siku hiyo ndiyo niliipanda. Unafika konani, unasukuma hendeli kwa kiganja, kusukuma kwa kumwamsha mtoto, imeshalala upande na inakungoja uamue. Lile tikisa kichwa likapungua mpaka nikawa nalitafuta makusudi kwenye mabaka ya lami. Lipo bado, linaguna tu. Kumbe alichokusudia yule bwana wa Honda ni hiki, na mimi nilikuwa naambiwa habari zake tu. Nilifika nyumbani nimechelewa chakula, mke wangu akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu kwenye ngazi. Niliyoyasema juu kuhusu kutoinunua yafuteni. Inunueni. Uza kochi.

Na gereji? Usiku ule ningeipa nyota tano na dua juu yake. Nilishaanza kuandika sifa zao, nimefika katikati, ndipo ikaingia bili kwa barua pepe.

Mstari wa kwanza, kukaza beringi za usukani. Sawa, haki yao, mzee amefanya kazi, nalipa na nitaongeza ya chai. Mstari wa pili: kazi ya kutoa na kuvalisha tairi la mbele. Yaani wamelivalisha kinyume nikalipa, wamelivalisha sawasawa nilipe tena. Nikapiga simu. Kijana huyo huyo. Akasema mfumo wa kompyuta ndivyo ulivyo, kila tairi likitolewa kwenye rimu linahesabiwa, hauulizi sababu. Nikamwambia kompyuta haikulivalisha tairi. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimefikiria tena kuiuza, yupo mtu anaitafuta!

Kwa hiyo sifa nimezifuta nikaandika haya. Mpwa wangu wa Mombasa, ambaye anaendesha boda na kwake pikipiki ni hesabu za mwisho wa siku, nilimsimulia yote kwa sauti ya WhatsApp, mwanzo hadi mwisho, Baba na Honda na mshale na beringi. Jibu lake: “Mjomba, lita moja inakwenda kilomita ngapi?” Sijamjibu.

Ya beringi nimeilipa. Ya kuvalisha tairi sijalipa na silipi. Juzi wameleta barua ya ukumbusho, jina la baba yangu limeandikwa vibaya mara mbili kwa namna mbili tofauti. Tairi la nyuma nalo limeanza kuisha katikati, na hilo ni la inchi 17, saizi ambayo gereji yoyote ya mji huu inayo rafuni. Nimempigia mzee kwenye simu yake mwenyewe. Amesema niilete Jumamosi mapema, kabla kaunta haijafunguliwa.